Usiivunje treni ya mabua ya mwanao

Mbangala, wilayani Songwe, reli haifiki. Treni ya Tazara hupita mbali, upande wa Vwawa na Tunduma, katika safari yake ya kilomita 1,860 kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, Zambia. Lakini mtoto aliyeiona mara moja tu, siku alipopelekwa Tunduma kwa shangazi, atarudi nyumbani na kuanza kuunda ya kwake.

Mmoja ataleta mabua, mwingine maboksi ya sabuni, wa tatu ndala iliyokatika ili wachonge magurudumu. Vizibo vya soda vitakuwa taa. Mabehewa yataungwa kwa kamba, mmoja awe dereva, mwingine mkuu wa stesheni. Kisha mzazi atatoka ndani na kufoka: “Toeni takataka zenu hapa!” Treni inapigwa teke, watoto wanatawanyika.

Mzazi, kabla hujafanya hivyo, fahamu kilichomo kwenye takataka hizo.

Mchezo unajenga nini?

Kukata boksi na kufunga fundo hufundisha macho na vidole kufanya kazi pamoja, na vidole hivyohivyo ndivyo vitakavyoshika kalamu. Kugombania udereva, kisha kukubaliana kupokezana, humfundisha mtoto kusubiri zamu, kuomba radhi na kujieleza. Mambo hayo hayafundishiki mtoto akiwa peke yake mbele ya simu.

Ndiyo maana Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 31, unautambua mchezo kuwa haki ya mtoto, si anasa.

Hata watu wazima wanauhitaji

Jijini London, Uingereza, kipo chama cha watu wanaounda treni ndogo za mfano, The Model Railway Club, kilichoanzishwa mwaka 1910. Katika vyama vya namna hiyo, mmoja huwa hodari wa umeme, mwingine wa kupaka rangi, mwingine wa kutengeneza vilima na nyumba. Kitreni kikiacha njia, wote huinama kutafuta kosa. Faida kubwa hapo si treni yenyewe. Ni kuwa na mahali pa kwenda, na mwenzako wa kukuuliza mbona wiki iliyopita hukuonekana.

Hilo ni suala la afya. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya Juni 2025 inasema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Huongeza hatari ya kiharusi, magonjwa ya moyo, kisukari na sonona. Kwa hiyo mgonjwa wa presha au kisukari aliyeacha kwenda kwenye bao au kwenye kikundi chake, naye arudi kwa wenzake, huku akiendelea na dawa zake.

Mtoto akiacha kucheza

Mtoto aliyezoea kucheza akianza kukaa pembeni, usimwite mvivu. Akichoka upesi, akihema sana au viganja vyake vikiwa vyeupe, huenda amepungukiwa damu, ana selimundu au tatizo la moyo. Asiyeitika anapoitwa huenda hasikii vizuri. Anayesogeza kila kitu karibu na macho huenda haoni vizuri. Mpeleke kituo cha afya apimwe.

Na kama tayari ana maradhi ya muda mrefu, muulize mhudumu wa afya ni mchezo gani anaouweza. Mara nyingi ipo nafasi yake: mkuu wa stesheni hukaa kivulini, haendi mbio, lakini bila yeye treni haiondoki.

Vifaa vya kuepuka

Makopo ya dawa za kuua wadudu wa mazao hayafai kuchezewa hata yakioshwa. Vivyo hivyo vyombo vilivyobeba zebaki, kwa wanaoishi karibu na machimbo ya dhahabu.

Betri kuukuu za magari na pikipiki zina madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto. Zisivunjwe wala kuchezewa.

Betri ndogo za mviringo kama kitufe, za saa na rimoti, zikimezwa zinaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Mkimbize mtoto hospitali hata kama halii, wala usimtapishe.

Vizibo na vipande vidogo viwe mbali na watoto wa chini ya miaka mitatu, wasije wakapaliwa.

Ncha za waya zikunjwe. Mtoto akichomwa na waya au bati, safisha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya na kadi yake ya kliniki ili ijulikane kama anahitaji chanjo ya pepopunda.

Mwisho, wachezee uwanjani, si barabarani, na wanaoishi karibu na reli wasichezee kwenye njia ya treni.

Ukishaondoa vya hatari, waachie vilivyobaki. Ukipata nafasi, chuchumaa nao uulize treni inaondoka saa ngapi. Watakutafutia behewa.