Somo la Kwanza ni Kuanguka: Usalama wa Mchezaji Mpya wa Rola Dabi

Mtu anayejiunga na timu ya rola dabi hutarajia kufundishwa mbio. Badala yake, mkufunzi humwamuru apige goti la kulia na kuinuka, kisha la kushoto na kuinuka, kisha magoti yote mawili, mpaka jasho limtoke. Hapo bado hajaruhusiwa kumgusa mchezaji mwenzake hata kwa bega. Wageni wengi huliona zoezi hili kuwa adhabu. Wahudumu wa afya waliokwisha kupokea mikono iliyovunjika wanajua kwamba hiyo ndiyo kinga yenyewe.

Mchezo wenyewe

Dabi tuliyoizoea ni ile ya mahasimu wawili wa soka. Rola dabi ni mchezo mwingine kabisa. Ulianzishwa na Leo Seltzer mjini Chicago, Marekani, mwaka 1935, ukiwa shindano la mbio ndefu za viatu vya magurudumu. Baadaye ulififia, hata wanawake wa Austin, Texas, walipoufufua mwaka 2001. Leo unachezwa katika nchi nyingi. Mjini Cairo, timu ya wanawake iliundwa mwaka 2012.

Wachezaji watano wa kila upande huzunguka njia yenye umbo la yai. Mmoja wao hupata alama kwa kuwapita wapinzani, nao humzuia kwa mabega, viuno na viwiliwili. Ni marufuku kumpiga mtu kichwani au mgongoni. Hata hivyo, kuanguka hakukwepeki, na anayeanguka vibaya humwangusha pia anayemfuata.

Namna ya kuanguka

Maumbile humsukuma mtu anayeanguka kunyoosha mkono mbele, kiganja kikiwa wazi. Uzito wote wa mwili hutua kwenye kifundo cha mkono, na nguvu iliyobaki hupanda hadi kiwiko na mtulinga. Wahenga walionya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Anayejifunza magurudumu, mara nyingi huvunjika mkono.

Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kukunja magoti daima na kushusha nyonga, ili umbali wa kuanguka upungue. Akihisi anapoteza mizani, hutua kwa goti juu ya kinga yake, mikono ikiwa karibu na kifua na vidole vimekunjwa ngumi. Vidole vilivyotandazwa sakafuni hukanyagwa na magurudumu ya wengine. Akianguka kinyumenyume, huinamisha kidevu kifuani, hutua kwa kalio moja, wala hapeleki mikono nyuma. Baada ya hapo hufundishwa kusimama kwa breki, kutazama pande zote, na mwisho kabisa kugongana. Anayeruka hatua hizi huwahatarisha na wenzake.

Vifaa vya kujikinga

Mchezaji huvaa helmeti, kinga ya meno, kinga za viwiko, za vifundo vya mikono na za magoti. Helmeti ikae sawa, upana wa vidole viwili juu ya nyusi, na ukanda wake ufungwe. Ivaliwe kabla ya viatu na ivuliwe baada ya viatu, kwani hata aliyesimama tu juu ya magurudumu anaweza kuanguka. Iliyopata kishindo kikubwa ibadilishwe, hata kama haionyeshi ufa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 katika New England Journal of Medicine, uliohusu viatu vyenye magurudumu ya mstari mmoja, ulikuta kwamba uwezekano wa kuumia kifundo cha mkono ulikuwa takriban mara 10 zaidi kwa wasiovaa kinga ya sehemu hiyo. Takriban nusu ya majeruhi waliohojiwa hawakuwa wamevaa kinga yoyote. Vijana wanaoteleza katika barabara za Nairobi na Kampala, ambako lami ni ngumu na magari ni mengi, wanahitaji kinga hizo kama wachezaji wa ukumbini.

Mkono unapouma

Majeraha mawili yanastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu huonekana madogo. La kwanza ni ufa wa mfupa wa skafoidi, ulio upande wa kidole gumba. Nyoosha gumba lako juu: kibonde kinachojitokeza chini yake ndicho ambamo wanusaji wa ugoro huweka unga wao. Maumivu unapobonyezwa hapo ni dalili ya kuushuku mfupa huu.

Mhudumu wa afya asidanganywe na eksirei ya siku ya kwanza, ambayo inaweza kuonekana safi. Mkono ufungwe banzi linaloshika kifundo pamoja na gumba, na mgonjwa apimwe tena baada ya siku 10 hadi 14. Damu huingia katika mfupa huu hasa kutoka upande wa vidole. Ufa ukiikata njia hiyo, kipande kinaweza kufa, na maumivu yakawa ya kudumu. Nawe mgonjwa, usikubali mkono ukandwe au kuchuliwa kabla haujapimwa. Ukiambiwa urudi baada ya wiki mbili, rudi hata kama maumivu yamepungua.

Kichwa kinapogongwa

La pili ni mtikisiko wa ubongo. Helmeti hupunguza hatari ya kuvunjika fuvu, lakini haiuzuii ubongo kutikisika ndani yake. Mchezaji anayeumwa kichwa, anayeona kizunguzungu, aliyechanganyikiwa au anayesahau yaliyotokea atolewe mchezoni papo hapo, na asirudi siku hiyo hata akisisitiza kwamba ni mzima. Hahitaji kuwa amezimia ndipo ahesabiwe kuwa ameumia.

Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akipoteza fahamu, akizidiwa na maumivu ya kichwa, akiumwa shingo, akiona vitu viwiliviwili, au kiungo kikilegea, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Asiye na dalili hizo apumzike kwa saa 24 hadi 48, akiruhusiwa kutembea kidogo, na asiachwe peke yake saa za mwanzo. Baadaye aongeze mazoezi hatua kwa hatua, na asigongane na mtu kabla dalili hazijaisha na daktari hajamruhusu.

Mchezo huu una faida zake: huimarisha moyo, misuli na mizani ya mwili. Anayetaka kuujaribu aanze na kinga zilizomkaa vizuri, mkufunzi mwenye subira, na lile zoezi la kupiga goti na kuinuka.