Daftari la Kikundi Likiwekwa Winguni, Mashine Iwe Wapi?

Vikundi vingi siku hizi vina biashara: mtambo wa kupoza maziwa, kisiagi, duka la pembejeo, viti na hema za kukodisha. Hesabu zake zilianza kwenye daftari, zikahamia kwenye kompyuta ya katibu, na sasa mtu fulani amekuja kutoka mjini kuwaambia muziweke "kwenye wingu". Baadhi ya wanachama wameshtuka. Je, likinyesha?

Wingu hili si la mvua. Ni kompyuta ya mtu mwingine, kubwa na yenye nguvu, iliyofungiwa katika jumba lenye walinzi, jenereta na mashine za kupoza hewa. Kikundi hukodi sehemu yake ndogo, kama mtu anayekodi chumba kimoja katika ploti. Hesabu zenu hukaa humo, na mweka hazina huzifungua kwa simu au kompyuta kupitia intaneti. Kompyuta ya katibu ikiibwa, au katibu mwenyewe akihamia Mombasa na ufunguo wa ofisi, daftari bado lipo. Faida hiyo mtaipata kwa wingu lolote, liwe la hapa au la ng'ambo.

Swali letu ni lile linalofuata: hiyo mashine ya kukodi isimame wapi, na mwenye nyumba awe nani? Kampuni za Marekani kama Amazon, Google na Microsoft zinajulikana dunia nzima. Lakini Kenya pia ina majumba ya kompyuta, Nairobi na Mombasa, na kuna kampuni zinazokodisha nafasi ndani ya nchi, kuanzia Safaricom hadi nyingine ndogo zaidi. Sisi tunaona kwamba biashara ndogo ina sababu nzuri za kuanza kuulizia hapa nyumbani.

Tuanze na pesa, maana hapo ndipo mkutano hukwama. Kampuni nyingi za ng'ambo hutoza kwa dola. Tuseme kikundi cha maziwa kinalipa dola 20 kwa mwezi. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 113, kwa hivyo bili ilikuwa kama shilingi 2,260. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na bili ile ile ikawa 3,200. Baadaye mwaka huo shilingi ilipata nguvu tena na bili ikashuka. Sasa angalieni: ng'ombe hawakuongeza maziwa, mteja hakuongeza bei, na kampuni ya wingu haikupandisha chochote. Ni dola tu iliyopanda. Biashara kubwa inaweza kuvumilia hayo. Kikundi kinachopanga bajeti ya mwaka kwenye mkutano wa Januari hakiwezi, na ndiyo maana bili ya shilingi ni afadhali hata ikiwa ghali kidogo. Ila muulize kwanza, kwa sababu kuna kampuni za hapa zinazoandika bei kwa dola pia.

Kuna jambo lingine la malipo ambalo watu hawalifikirii. Kampuni ya ng'ambo kwa kawaida hutaka kadi ya benki. Kikundi hakina kadi, basi mweka hazina anatoa yake. Kumbe hapo akaunti imefunguliwa kwa jina lake, na barua zote za kampuni zinaenda kwake. Siku ya uchaguzi akishindwa na kukasirika, daftari la watu 60 limo mfukoni mwake, na kampuni iliyo mbali haimjui mwenyekiti wenu wala haijali. Kampuni ya hapa inaweza kuandika mkataba kwa jina la kikundi kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, ikalipwa kwa M-Pesa au kutoka akaunti ya kikundi, na ikatoa risiti ambayo mkaguzi wa hesabu anaielewa. Na kukiwa na shida, mnapiga simu mchana wa saa zetu, mnazungumza Kiswahili, na ikibidi watu wawili wanapanda matatu waende ofisini kwao.

Umbali nao una gharama. M-Pesa ilianza Machi 2007, lakini mpaka 2015 mashine zake zilikuwa Ujerumani. Mtu wa Kitui akimtumia mama yake wa kijiji jirani shilingi 200, amri ile ilivuka bahari ikaenda Ulaya na kurudi. Aprili 2015 mashine zililetwa Kenya. Hata kampuni yenye mamilioni ya wateja iliona heri kuwa na mashine karibu na watu wanaozitumia.

Barua za kompyuta pia zilikuwa hivyo. Miaka ya tisini, barua ya kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine iliweza kuzunguka kwa setilaiti hadi Marekani au Ulaya. Novemba 2000 kampuni za intaneti zilifungua kituo kiitwacho KIXP, ambapo zinabadilishana mizigo ya humu nchini bila kuitoa nje. Kilifungwa upesi baada ya malalamiko kwamba kinaingilia haki za Telkom Kenya, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Kituo hicho ndicho kinachowezesha mashine iliyo Nairobi kujibu haraka simu iliyo Nyeri.

Tena yapo mambo ya kebo. Intaneti yetu ya nje hupita kwenye kebo zilizolazwa chini ya bahari, ambazo zilianza kufika Mombasa mwaka 2009. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa nzito hapa kwetu. Aliyeweka hesabu zake ng'ambo alisubiri. Mashine iliyo humu nchini hufikiwa bila kuvuka bahari. (Stima ikipotea na mlingoti wa simu wa kijijini ukizima, hapo hakuna wingu litakalowasaidia. Chapisheni orodha ya madeni kila mwisho wa mwezi.)

Daftari lenu lina namba za vitambulisho, namba za simu, na nani ana deni la nani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu. Haikatazi kuweka habari nje ya nchi, lakini inaweka masharti ya kuzipeleka huko. Biashara yenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 imesamehewa kujiandikisha kwa Kamishna wa Data. Haikusamehewa kutunza siri za watu. Na msamaha huo hauhusu huduma za fedha, kwa hivyo kikundi kinachokopesha kiulize ofisi ya Kamishna kabla ya kudhani kiko salama.

Msije mkafikiri kila cha nyumbani ni kizuri. Mwaka 2015 kampuni moja ya wingu ya Nairobi ilizimika kufuatia ugomvi wa wenye kampuni, na wateja wakabaki bila huduma. Nyingine zina ofisi Nairobi lakini mashine wamekodi Ulaya, halafu wanajiita wa hapa. Waulizeni waziwazi: mashine ziko jumba gani? Nakala ya pili iko wapi? Tukitaka kuhama tutapewa hesabu zetu kwa namna gani, na kwa bei gani? Yajibiwe kwa maandishi.

Kikundi chenye wanachama 15 na mchango wa kila wiki hakihitaji kulipa mtu yeyote. Nafasi ya bure ya Google inatosha, pamoja na daftari. Mambo hubadilika mnapouza kila siku, mnapokopesha, au mnapoajiri. Hapo lipieni mwezi mmoja tu kwanza. Neno la siri ligawanywe kwa watia sahihi kama mnavyofanya na hundi. Kisha, kabla ya mwezi kwisha, iambieni kampuni iwarudishie daftari zima, na mweka hazina alilinganishe na vitabu mbele ya kamati.