Ndia Kuu na Ukuta Wetu wa Chokaa

Vikundi vya kujisaidia vikienda Mombasa kwa ziara, mara nyingi hupelekwa Fort Jesus, wakapiga picha langoni, kisha wakarudi kwenye basi. Sisi pia tulikuwa hivyo hivyo. Lakini safari hii tuliwaomba wenzetu tutembee hatua chache zaidi mpaka Ndia Kuu, kwa sababu nyumbani tulikuwa na shida ya ukuta.

Ndia ni njia, kwa Kimvita. Barabara hii inaanzia karibu na ngome, ambayo Wareno waliianza mwaka 1593, na kuelekea upande wa Bandari ya Kale. 

Nyumba nyingi tulizoziona si za wakati wa Wareno. Ni za miaka mia na kitu hivi. Ujenzi wa reli ulipoanza mwaka 1896, biashara ilikuwa nyingi na wafanyabiashara Wahindi wakajenga pamoja na Waswahili na Waarabu. Chini duka, juu familia. Mbele wakatoa roshani za mbao zilizonakshiwa, ili upepo uingie, na akina mama waweze kutazama njia bila wao kutazamwa. Magari yalikuwa bado. Watu walibebwa mjini kwa vitoroli vilivyosukumwa kwa mikono juu ya reli ndogo. Ndiyo maana njia ni nyembamba, na kivuli kinakaa karibu siku nzima.

Baadaye makao makuu ya serikali yalihamia Nairobi, na meli kubwa zikaenda Kilindini. Bandari ya Kale ikabaki na majahazi. Wenye pesa wakahama kidogo kidogo, nyumba zikarithiwa na ndugu wengi, wengine wakapangisha. Nyumba ya ndugu kumi, jamani, nani atatoa pesa ya paa? Maduka ya vyakula na vitambaa mengine yakageuka kuwa ya vinyago kwa watalii. Mwaka 1990 Makumbusho ya Taifa yalitoa mpango wa kuhifadhi Mji wa Kale, na hilo limesaidia, ingawa roshani haishikiliwi na karatasi.

Sasa tuje kwenye ukuta. Kuta za zamani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na dari imebebwa na boriti za mikoko. Boriti haina urefu mwingi, basi vyumba vya zamani ni vyembamba, kama mita tatu tu. Chokaa yenyewe ilichomwa kutoka kwa matumbawe hayo hayo, ikazimwa kwa maji na kuachwa ikae kabla ya kutumiwa.

Ukuta kama huo unapumua. Maji yanapanda kutoka ardhini, yanatoka nje kupitia plasta ya chokaa, yanakauka. Ukipaka simiti unaziba mlango. Maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi na chumvi yake, plasta inavimba na kubanduka vipande vipande. Mwisho yanafika kwenye vichwa vya boriti vilivyomo ndani ya ukuta, vinaoza, na hapo dari inaanguka. Tuliona nyumba ambayo sehemu ya chini imepakwa simiti mpya, safi kabisa, na alama ya unyevu iko juu yake, karibu na dirisha.

Tulitazamana. Ghala letu la mahindi ni jengo la zamani la chokaa. Miaka miwili iliyopita tulichanga, tukanunua simiti, tukapaka ndani na nje na kufurahi. Mvua ya pili magunia ya upande wa ukuta yakaota ukungu. Tulimlaumu fundi, tukamlaumu na mwenye ufunguo. Kumbe fundi alifanya kazi tuliyomwambia.

Kama kikundi chenu kina jengo la zamani, kwaruzeni plasta kwa msumari kabla ya kununua chochote. Ikitoka unga mweupe laini, ni chokaa. Ikiwa ngumu na ya kijivu, ni simiti. Kisha tazameni mabati na mifereji, maana maji ya juu huharibu haraka kuliko ya chini. Boriti mpya ya mkoko haikatwi ovyo, inahitaji kibali.

Sisi tumeanza kubandua simiti upande wa nje, kwa patasi na nyundo ndogo, pole pole ili mawe yasing'oke. Magunia tumeyaweka juu ya mbao, mbali na ukuta. Tukishamaliza tutauacha ukauke msimu mzima wa kiangazi kabla ya kupaka chokaa. Wanaotaka kwenda Ndia Kuu waende asubuhi, na wabishe hodi kabla ya kuchungulia: hizo ni nyumba za watu.