Mafuta Yamo Nazini, Faida i Wapi?

Apitaye barabara itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga huiona minazi pande zote mbili, tangu Matuga hadi Ukunda na Msambweni, akadhani kwamba wenye mashamba hayo ni watu wa neema tupu. Kumbe nazi hizo aghalabu huondoka Kwale zingali na makumbi yake, zimepakiwa magarini na wachuuzi waliozinunua kwa bei waliyoikata wenyewe, kisha mafuta yake yakarudi madukani ndani ya chupa, kwa thamani ambayo mwenye mnazi hana fungu lake.

Wala si kwa kukosa maarifa. Sanaa ya kutoa mafuta i mikononi mwa wanawake wa pwani tangu zama za kale: nazi hukunwa kwa mbuzi, chicha hutiwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa katika kifumbu, na tui huachwa usiku kucha hata uzito wake ukapanda juu na maji yakabaki chini. Asubuhi uzito huo huenguliwa na kupikwa kwa moto wa taratibu mpaka mafuta yajitenge na mashapo yageuke rangi ya kahawia, na hapo ndipo ujuzi hutahiniwa, kwani yakiepuliwa mapema maji husalia ndani na mafuta huchacha, na yakichelewa huungua. Lita moja hula nazi 10 hadi 15, na kazi ya kukuna peke yake huuchosha mkono kabla ya jua kupanda.

Basi kinachomzuia mkulima ni dhiki. Karo ya shule haingoji tui lijitenge, na mchuuzi huja na fedha taslimu, pengine akazinunua nazi zingali mtini. Tena mafuta ya nyumbani hayapokelewi kwa wepesi katika maduka makubwa wala hoteli za Diani pasipo alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, na alama hiyo yataka jengo safi, vipimo na ada, mambo ambayo mama mmoja mwenye sufuria moja hayawezi.

Wako waliotumainia viwanda vikubwa. Lakini kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, wakulima wa miwa walibaki na mazao yasiyo na mnunuzi, na miaka mingi ikapita kabla ya kilimo hicho kufufuliwa; hali kadhalika kiwanda cha korosho cha Kilifi, kilichojengwa katika miaka ya 1970, nacho kikaanguka. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi ili zibanguliwe humu humu, ila marufuku hayabangui korosho. Ganda lake lina mafuta makali yaunguzayo ngozi, na kazi hiyo yahitaji vyombo na kinga.

Nazi ni nyepesi zaidi kwa mnyonge. Embe likiiva halingoji, ilhali nazi kavu huweza kukaa majuma mengi katika kumbi lake, na hapo ndipo penye nguvu ya mkulima, maadamu naye aweza kungoja. Tangu mwaka 2019 Kenya ina sheria ya stakabadhi za ghala, ambayo kwayo mkulima huweka mazao ghalani akapata hati ya kukopea. Fikira hiyo ikifikishwa kwenye nazi, kikundi cha wanawake chaweza kuweka mzigo pamoja, kukopa kiasi cha kukidhi karo, na kushirikiana mashine moja ya kukunia, jengo moja na alama moja ya ubora, huku vifuu vikichomwa makaa na makumbi yakisukwa kamba.

Wafadhili hupenda kuanza na mashine, kwa kuwa mashine hupigwa picha siku ya uzinduzi. Lakini mashine isiyo na nazi ghalani ni chuma tu, na nazi haitabaki ghalani isipokuwa mwenyewe amepata cha kumkimu mpaka mafuta yauzwe.