Daimu Saba na Darasa Lisilo Lake

Sarafu ya Marekani iitwayo daimu ina thamani ya senti 10, lakini huwezi kuiona 10 popote juu yake. Imeandikwa tu, kwa Kiingereza, kwamba ni daimu moja. Tena ni ndogo kuliko sarafu ya senti 5, na ndogo hata kuliko ya senti 1. Mtoto aliyezaliwa Ohio anaijua tangu alipoanza kununua pipi. Lakini mpe swali la daimu saba na robo dola tatu mtoto wa miaka 11 aliyefika mwaka jana kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, au kutoka Bukavu, Kongo, kisha umtazame. Hesabu yenyewe ni nyepesi: 70 na 75 ni senti 145. Huenda mtoto huyo anakokotoa milinganyo bila kalamu. Anaisoma daimu mara mbili, mara tatu, anaacha nafasi wazi, anakwenda swali linalofuata. Anayesahihisha anaona kosa la hesabu.

Kutokana na makosa ya namna hiyo, watoto wenye kipaji kutoka familia zizungumzazo Kiswahili hujikuta katika darasa lisilo lao. Mzazi anapokea barua kwamba mwanawe amepangwa mkondo wa kawaida, au wa chini yake, na kwa heshima anayoipa shule anaiweka kabatini.

Barua hiyo haifai kuwekwa kabatini. Shule nyingi za Marekani hufundisha hisabati kwa mfuatano: Aljebra ya Kwanza, Jiometri, Aljebra ya Pili, maandalizi ya kalkulasi, kisha kalkulasi. Kwa kawaida kila hatua huchukua mwaka, na sekondari ya juu ina miaka minne tu, kuanzia darasa la 9 hadi la 12. Anayeanza aljebra darasa la 8 anaifikia kalkulasi kabla ya kuhitimu. Anayeianza darasa la 9 haifikii, isipokuwa asome kiangazi au abebe masomo mawili ya hisabati kwa mwaka mmoja. Mlango wa aljebra ya darasa la 8 nao mara nyingi huanza kufunguliwa au kufungwa katika darasa la 6. Kwa hiyo jaribio la saa moja la mtoto wa miaka 11 linaweza kumfuata kijana wa miaka 18 anayeomba kusomea uhandisi.

Lugha si kikwazo pekee. Mtoto aliyesoma kwa Kifaransa Kongo huandika tatu na nusu kwa mkato: 3,5. Marekani mkato hutenganisha maelfu, na desimali huandikwa kwa nukta. Akiandika 2,500 akimaanisha mbili na nusu, mwalimu anasoma elfu mbili na mia tano. Hata kugawanya kunaandikwa tofauti: kwake kigawanyo hukaa kulia, kwa mwalimu wake hukaa kushoto. Kuna pia watoto, wahamiaji na wenyeji, wanaokataa kuonyesha njia kwa sababu jibu wameliona papo hapo, na wengine wanaochoka kurudia kitu walichokielewa miaka miwili iliyopita mpaka wakaacha kabisa kufanya kazi za nyumbani.

Wapo na wale ambao wataalamu wa Marekani huwaita wenye upekee mara mbili. Mtoto wa namna hii ana akili kali ya hesabu, na wakati huohuo ana disleksia au shida ya kutulia. Kipaji kinafunika ugumu, ugumu unakivuta kipaji chini, na kwenye ripoti anaonekana mtoto wa wastani ambaye hahitaji chochote. Kati ya wote waliotajwa hapa, huyu ndiye anayesahaulika kwa urahisi zaidi.

Ndiyo maana alama peke yake haitoshi. Karatasi yenyewe ndiyo isomwe. Mzazi anaweza kuomba kuyaona majibu, kisha akaketi na mtoto jioni moja, akamsomea kwa Kiswahili yale mafumbo aliyoyakosa, akamweleza daimu ni nini na kwamba futi moja ina inchi 12, na kumwacha afanye bila kumharakisha. Akipata maswali saba kati ya tisa aliyokosa shuleni, huo ni ushahidi. Uandikwe tarehe, uhifadhiwe. Asipopata, hilo nalo ni la kujua: pengine kuna pengo la kweli, kwa mfano katika sehemu au jedwali la kuzidisha, na pengo hujazwa kwa mazoezi ya wiki chache bila kumshusha mtoto mwaka mzima.

Tatizo la pili la majaribio ya kawaida liko juu, kwenye dari: maswali yake huishia chini ya uwezo wa baadhi ya watoto. Futi kamba ya mita moja haiwezi kumpima mtu mrefu. Mwaka 1969, Julian Stanley, profesa wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, alimpa mvulana wa miaka 13, Joseph Bates, mtihani wa SAT ambao vijana wakubwa kuliko yeye huufanya wanapojiandaa kuingia chuo kikuu. Bates alifanya vizuri sana, na mwaka huohuo akaanza masomo chuoni hapo. Mwaka 1971 Stanley akaanzisha utafiti wa muda mrefu wa vijana waliowahi kukomaa kihisabati, na njia yake ya kuwapima kwa mtihani wa waliowazidi umri ikaenea. Mwanahisabati Terence Tao, mzaliwa wa Australia, aliufanya mtihani huo akiwa na miaka 8 na kupata 760 kati ya 800 katika hisabati. Wazazi wake hawakumrusha kila kitu kwa pamoja: alihudhuria hisabati ya sekondari huku masomo mengine akiyasoma na watoto wadogo. Mwaka 2006 alipata Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati. Kumpandisha mtoto somo moja tu ni njia ambayo shule nyingi zinaweza kuimudu, na wazazi wachache huiomba.

Nani huonwa kuwa na kipaji? Wilaya moja kubwa ya shule huko Florida ilizoea kusubiri walimu na wazazi wamtaje mtoto. Mwaka 2005 ikaanza kuwapima wanafunzi wote wa darasa la 2 kwa jaribio lisilotegemea maneno. Wachumi David Card na Laura Giuliano walionyesha mwaka 2016 kwamba idadi ya watoto maskini, Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini walioingia katika programu za wenye vipawa ilipanda sana. Watoto hao walikuwepo siku zote madarasani.

Baadhi ya majimbo yameliweka jambo hili katika sheria. Sheria ya California ya 2015 inazitaka shule ziwe na utaratibu ulio wazi wa kuwapangia hisabati wanaoingia darasa la 9, ziutazame upya mpango huo ndani ya mwezi wa kwanza wa masomo, na zimpe mzazi asiyeridhika mahali pa kupeleka hoja. Texas, kwa sheria ya 2023, inaagiza waliomo katika asilimia 40 ya juu kwa matokeo ya hisabati mwishoni mwa darasa la 5 waandikishwe moja kwa moja katika hisabati ya juu darasa la 6, bila kusubiri kupendekezwa na mtu.

Mzazi anayekwenda shuleni aende na karatasi alizohifadhi, daftari za nchi aliyotoka kama zipo, na ombi lililoandikwa: mtoto apimwe tena, bila kubanwa na muda, kwa maswali yanayopima hisabati zaidi ya Kiingereza. Aombe pia mkalimani wa Kiswahili. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kubagua kwa asili ya taifa, na mkalimani huombwa kwa msingi huo. Mtoto mwenyewe asifanywe mkalimani katika kikao kinachoamua darasa lake. Na ombi lipelekwe mapema, wiki za kwanza za muhula, wakati kuhama darasa bado ni suala la kubadilisha ratiba tu.