Unalala Kitongoji Gani?

Msimu wa uchaguzi ukifika, steshenari yangu hapa Kibaigwa inageuka ofisi ya umma isiyo na mshahara. Watu wanakuja kutoa kopi na kuweka leminesheni kadi zao za mpiga kura, kisha wanauliza kama kadi hiyo inatosha kumchagua mwenyekiti wa kitongoji.

"Shikamoo mwalimu. Mimi kadi ninayo tayari, si ndiyo hii?"

"Marahaba mwanangu. Hiyo ni ya Tume. Kwa kitongoji unajiandikisha upya."

Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na jibu hilo bado linanishinda kulieleza kwa kijana ambaye kaacha gunia kwenye mzani. Kosa si lake. Serikali yenyewe iliyaweka mambo mawili katika mwaka mmoja. Julai 2024 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilianzia Kigoma kazi ya kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ile ya kupigwa picha na kuweka alama za vidole, ukaondoka na kadi. Oktoba mwaka huohuo ikaja orodha nyingine, ya wizara ya TAMISEMI, kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Hii haina mashine. Unamkuta mwandikishaji na kitabu chake, anaandika jina, umri na jinsi yako, unatia saini, unakwenda zako mikono mitupu. Kwa sababu hutoki na kitu mkononi, wengi wanaona hawajajiandikisha, na wengine wanaona hakuna haja.

Siku zenyewe zilikuwa kumi tu, kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Ukizipoteza hizo umepoteza miaka mitano, kwa kuwa uchaguzi huu hufanyika mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu: 2014, 2019, 2024, na ujao ni 2029. Orodha ilipokamilika ilibandikwa hadharani, na hapo ndipo mtu anapopaswa kwenda kulitafuta jina lake, au kuweka pingamizi akiona jina la mtu asiyekaa pale. Nijuavyo mimi, watu wanaokwenda kuisoma ni wagombea na wapambe wao. Wengine tunasubiri siku ya kura ndipo tuanze kugombana na msimamizi.

Masharti ya kujiandikisha ni mepesi: uwe raia wa Tanzania, umetimiza miaka 18, una akili timamu, na ni mkazi wa eneo husika. Hilo la mwisho ndilo linalotusumbua hapa. Kibaigwa iko kwenye barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, na soko letu la mahindi linavuta watu kutoka kila upande. Wapo vijana wa kupakia malori waliozaliwa Kiteto, wanaokula kwa mama lishe wa kitongoji kimoja, wanaofanya kazi katika kingine na kulala katika cha tatu. Akija kuniuliza ajiandikishe wapi, simuulizi kwao wapi wala anafanya kazi wapi. Namuuliza analala wapi. Kama amepanga chumba na ndipo anaporudi jioni, huko ndiko kwake, hata kama mama yake bado anamhesabu mtu wa kijijini. Dereva aliyelala gesti siku mbili akisubiri mzigo si mkazi, hata akijulikana na soko zima.

Sasa niseme jambo ambalo hata wenyeji wa hapa hawalijui vizuri. Aliye kijijini huchagua mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, na wajumbe wa halmashauri ya kijiji, huku wanawake wakiwa na kundi lao la viti. Aliye mjini kama Dodoma huchagua mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati ya mtaa. Sisi tulio katikati, tunaoitwa Mamlaka ya Mji Mdogo, kama ilivyo Himo kule Moshi au Ilula kule Kilolo, hatuna mwenyekiti wa kijiji wala wa mtaa. Tuna mwenyekiti wa kitongoji. Lakini huyo wetu ana kazi asiyokuwa nayo mwenzake wa kijijini: yeye na wenyeviti wenzake wa vitongoji ndio wanaoingia kwenye baraza la mji mdogo, na ndio wanaomchagua miongoni mwao mwenyekiti wa mamlaka nzima. Mimi na wewe hatupewi karatasi ya kumpigia huyo mkubwa. Tukishampeleka mtu wa kitongoji, tumeshamaliza. Kwa hiyo anayesema "kitongoji ni cheo kidogo" nampa mfano wa taka za soko na mitaro inayofurika masika. Huko kwenye baraza ndiko yanakozungumzwa hayo, na anayeketi kwenye kiti ni yule uliyemwona hana maana.

Diwani ni habari nyingine. Yeye huchaguliwa na daftari la Tume, siku moja na rais na mbunge. Huko ndiko kadi yako ya picha inakofanya kazi. Kwenye kura ya kitongoji kadi hiyo ni kitambulisho tu, sawa na kitambulisho cha taifa, leseni ya udereva au pasi ya kusafiria. Bila jina kwenye orodha ya TAMISEMI haikufikishi popote.

Mwaka 2024 siku ya kura ilikuwa Jumatano, tarehe 27 Novemba, na ilitangazwa kuwa mapumziko. Vituo vilifunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi jioni. Ukifika, jina linatafutwa kwenye orodha, unapewa karatasi, unaingia kwenye kituturi peke yako, unaweka alama ya vema, unakunja, unatumbukiza kwenye sanduku. Asiyeona au asiyeweza kuandika anaruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemwamini, na ni yeye anayemchagua mtu huyo, si wakala wa chama. Palipokuwa na mgombea mmoja tu, safari hii hakupita hivihivi, alipigiwa kura ya ndiyo au hapana. Hilo nililipenda. Mwaka 2019 wengi walipita bila kupingwa na wapiga kura wakabaki nyumbani.

Najua linalofuata, maana huulizwa kila mara na wateja wenye sauti ya chini: mwalimu, kuna maana gani? Chama tawala kilitwaa zaidi ya asilimia 98 ya vijiji, mitaa na vitongoji mwaka 2024, na vyama vya upinzani vililalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa kwenye fomu. Wapo walioona uchaguzi huu ulipaswa kusimamiwa na Tume, si TAMISEMI iliyo chini ya Ofisi ya Rais. Nami naona hoja yao ina uzito. Msimamizi akiwa mtumishi wa halmashauri, hata akiwa mwadilifu, aliyeshindwa hakosi la kusema.

Ila mgombea hawezi kusimama bila kudhaminiwa na chama, kwa hiyo mahali pengine uchaguzi wenyewe unafanyika mapema, kwenye kura za maoni za chama, ambako wasio wanachama hawaingii. Mama mmoja wa vitunguu hapa sokoni alilielewa hilo kabla yangu. Hakujali siasa za kitaifa hata kidogo, lakini kikundi chake kilihitaji kutambulishwa ili kiombe mkopo wa ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, na barua ya utambulisho ilikuwa inazungushwa wiki kwa wiki. Akachukua kadi ya chama, akaenda kwenye kura za maoni na wenzake wote wa kikundi, wakamwondoa mwenyekiti aliyekuwa akiwazungusha.

Siku hizi barua inatoka siku hiyohiyo. Yeye anasema mwenyekiti mpya ni mtu mzuri. Mimi nadhani anajua tu idadi ya wanawake wa vitunguu.