Kivinjari Kinapoharibika Sura Baada ya Kusasisha Linux

Aghalabu mtumiaji wa Linux huingiwa na fadhaa pale ambapo, baada ya kusasisha mfumo wake na kuiwasha kompyuta upya, hufungua kivinjari cha Chrome au Chromium akakuta herufi zimekatikakatika, picha zimegeuka viraka vya rangi na kurasa nyingine ni giza tupu, ilhali programu nyinginezo zote zafanya kazi salama salimini. Wako wanaokata shauri kwamba kadi ya michoro imekufa, na wako wanaoufuta mfumo wote na kuusimika upya. Hukumu hiyo ni ya pupa, na hasara yake haina sababu.

Asili ya hitilafu hiyo mara nyingi ni Mesa, maktaba ya programu iliyoanzishwa na Brian Paul mwaka 1993, ambayo katika Linux hupokea maagizo ya kuchora na kuyafasiri kwa lugha inayofahamika na kadi za Intel na AMD. Kwa kuwa kufasiri huko kwachukua muda, kivinjari huyaweka akiba diskini maagizo yaliyokwisha kufasiriwa ili kiyatumie tena. Hiyo ni hekima njema. Walakini Mesa ikibadilishwa, tafsiri za kale huenda zisiafikiane na toleo jipya, na kivinjari kisipotambua badiliko hilo huzifuata vivyo hivyo, mithili ya nahodha aingiaye bandarini kwa ramani ya mkondo uliokwisha hama.

Dawa yake ni nyepesi, ila yataka hadhari. Kifunge kivinjari kabisa, kisha katika folda ya nyumbani zidhihirishe folda zilizofichwa, uingie .config, na humo google-chrome au chromium. Ifute GPUCache iliyomo ndani ya Default, pamoja na ShaderCache na GrShaderCache, ukomee hapo. Default yenyewe usiiguse kamwe, maana ndimo zilimo alamisho zako, historia na nywila. Akiba uliyoifuta kivinjari kitaijenga upya chenyewe.

Wengi hushauriana kuuzima msaada wa kadi ya michoro katika mipangilio ya kivinjari. Kama jaribio, shauri hilo ni zuri, kwani sura ikitengemaa utayakini kwamba ila iko katika njia ya michoro. Lakini kuuacha umezimwa daima ni kuidhulumu kompyuta, hasa iliyo kuukuu, ambayo video moja tu yatosha kuichosha.

Endapo uharibifu utabakia hata baada ya hayo, rejea toleo la Mesa lililotangulia, kisha uwaarifu watunzaji wa Linux uitumiayo. Fungua chrome://gpu, unakili aina ya kadi na nambari ya toleo la Mesa, uwapelekee pamoja na picha ya skrini. Pasipo maelezo hayo ni muhali kwao kuitafuta ila hiyo.